Tambarare za Mashapo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi hufundisha jiografia katika shule moja ya upili mashariki mwa Nairobi, na naishi Utawala, mahali ambapo ukiweka chungwa chini halijui libingirike kwenda wapi. Maswali haya nimeulizwa darasani, kwenye matatu, kwenye kikao cha wenye nyumba mtaani kwetu, na zaidi ya yote na watu wanaotaka kununua ploti. Nimeyaandika kwa mpangilio wangu, haufuati silabasi.

Tambarare ya mashapo ni nini?

Ni ardhi bapa iliyojengwa na vitu vilivyobebwa kutoka kwingine vikaachwa hapo: mchanga, tope, mfinyanzi, changarawe, hata majivu ya volkano. Mbebaji mara nyingi ni maji. Upepo na barafu nao hubeba, ila kwetu kazi kubwa imefanywa na mito na maziwa. Neno mashapo lenyewe linajieleza: ni kile kinachobaki chini ya kikombe cha kahawa tungu ukishamaliza kunywa.

Si ni udongo tu? Tofauti iko wapi?

Mashapo yamesafiri, udongo umezaliwa pale pale. Mwamba ukioza kwa mvua, jua, mizizi na wadudu, unakuwa udongo bila kuhama. Mashapo yakikaa mahali muda mrefu nayo hugeuka udongo, lakini asili yake ni mbali. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji tukifika Embakasi.

Kwa nini maji yaache ardhi bapa? Mbona yasiache vilima?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wanafunzi wachache huliuliza, kwa sababu watu huona ubapa kama hali ya kawaida ya ardhi. Si kawaida. Ardhi ikiachwa peke yake ina mabonde na matuta. Ukiona mahali bapa kwa kilomita nyingi, ujue kuna kitu cha majimaji kilitulia hapo, au kuna kitu kilichosaga pakasawazika.

Maji hubeba mzigo kwa nguvu ya mwendo wake. Yakipunguza mwendo huanza kutua mzigo, na hutua kilicho kizito kwanza. Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alitoa kanuni ya jinsi chembe inavyozama: chembe ikiwa na upana mara kumi, inazama kwa kasi mara mia. Katika maji yaliyotulia kabisa, chembe ya mchanga laini yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Ya milimita 0.01 huchukua kama saa tatu. Ya milimita 0.001, yaani mfinyanzi hasa, huchukua karibu wiki mbili. Kwa hiyo mchanga huanguka karibu na mto, na mfinyanzi husafiri hadi pale maji yanapokosa kabisa pa kwenda.

Sasa kuhusu ubapa. Chukua uwanja wenye mashimo na vituta, ufunike kwa maji ya mafuriko. Juu ya shimo kuna kina kirefu cha maji, kwa hiyo kuna tope jingi linaloning'inia, na maji ya pale yametulia. Juu ya kituta kuna maji haba, tope haba, na mkondo unaopita ukifagia. Maji yakikauka, shimo limepata tabaka nene na kituta kimepata vumbi tu. Yakija mafuriko ya pili, tofauti inapungua tena. Fundi akimwaga sakafu hufanya vivyo hivyo kwa ubao wake: panapozama panajazwa, panapoinuka panakwanguliwa. Mto hauna haraka ya kumaliza kazi kabla ya jioni, basi.

Na bapa si sawasawa kabisa. Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo Mto Tana una mamia ya kilomita hadi Kipini, pwani. Huo ni mteremko wa chini ya mita moja kwa kila kilomita. Jicho haliuoni, ila maji yanaujua.

Naweza kulijaribu hili nyumbani?

Unaweza, na afadhali ufanye kuliko kusoma. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyo wazi ya kuonekana ndani. Jaza robo yake udongo uliochanganyika: mchanga wa ujenzi kidogo, udongo wa shambani, udongo mweusi wa huku kwetu. Ongeza maji hadi karibu na shingo, funga, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha uiweke mezani usiiguse.

Kabla hujahesabu hadi kumi mchanga umeshakaa chini. Baada ya robo saa utaona tabaka la pili, laini zaidi, na uso wake umelala sawa hata kama mchanga ulio chini yake umeegemea upande mmoja. Hapo ndipo pa kuangalia. Lile tope limejaza upande ulioinama bila kuambiwa na mtu. Maji ya juu yatabaki ya rangi ya chai ya maziwa hadi kesho yake na zaidi.

Fanya chupa ya pili vilevile, lakini tia kijiko cha chumvi. Mfinyanzi utashikana vidonge vidonge na kuzama mapema kuliko kwenye chupa ya kwanza. Tutairudia chumvi hii tukifika Malindi.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alisahau chupa yake dirishani likizo nzima ya Agosti. Tuliporudi maji yalikuwa meupe kama ya dukani, na juu ya tope kulikuwa na ngozi nyembamba ya mfinyanzi, laini kama krimu. Sikumwadhibu.

Mto unapofurika hufanya nini hasa?

Ndani ya mkondo maji yanakimbia. Yakipanda ukingo na kumwagika nje, yanakutana na nyasi, vichaka na nafasi pana, basi yanapoteza mwendo ghafla. Mchanga unaanguka pale pale ukingoni, na tope linaendelea mbele. Ndiyo maana kando ya mto wa tambarare mara nyingi ndiyo iliyoinuka, na ukitembea kwenda mbali na mto unashuka kidogo kidogo hadi kwenye kinamasi. Mgeni hudhani mambo ni kinyume.

Wapokomo wa Mto Tana wanalijua hili pasipo kitabu. Vijiji na miembe viko juu ya kingo zilizoinuka. Mpunga hupandwa nyuma, kwenye mabonde ambako maji ya mafuriko hubaki. Ardhi ile ile, tofauti ya mita chache za kimo, na maisha mawili tofauti.

Kazi ya pili ya mto ni kuhama. Mto wa tambarare hujipinda kama nyoka. Kwenye pindo, maji ya upande wa nje yanakwenda kasi na kula ukingo, huku upande wa ndani yakipunguza mwendo na kuacha mchanga. Pindo linazidi kujipinda hadi siku moja mto unakata njia ya mkato, na pindo la zamani linabaki ziwa dogo lenye umbo la upinde, ambalo nalo hujaa tope polepole. Mto ukifanya hivyo kwa maelfu ya miaka unakuwa umepita karibu kila sehemu ya tambarare. Ukichimba kisima kilomita mbili kutoka mtoni ukakuta mchanga safi wa mto, usishangae. Ulikuwa mtoni.

Naishi Embakasi (au Utawala, au Kitengela). Je, ni mto ulioleta tambarare hii?

Hapana. Jibu hili huwashangaza watu, na mimi mwenyewe nililielewa vizuri nilipochimba shimo la maji taka uani kwangu.

Vijana wawili walianza asubuhi. Mita ya kwanza na zaidi ilikuwa udongo mweusi tititi, unaonata kwenye jembe kama ugali ambao haujaiva. Chini yake ukageuka kijivu, una vipande vyeupe vya chokaa vya ukubwa wa njegere. Kisha likaja tabaka la vijiwe vya mviringo vya rangi ya kutu, yale maramu yanayomwagwa barabarani. Halafu nikasikia chuma kikilia.

"Mwalimu," akasema mmoja kutoka chini, "hapa sururu imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Kuna jiwe moja tu, limetandikwa huku kote. Ama tupandishe bei, ama choo kiwe kifupi."

Tukapandisha bei. Jiwe lile ni fonolaiti, yaani lava. Zamani za kale, kabla na wakati Bonde la Ufa linafunguka, lava ilimwagika ikatiririka kuelekea mashariki, ikafunika nchi ya mabonde na vilima. Lava kongwe ya nyanda za Kapiti, kusini-mashariki mwa Nairobi, ina umri wa miaka milioni 13 hivi, na nyingine zilifuata juu yake katika mamilioni ya miaka iliyokuja baadaye. Ilijaza mabonde kwanza, kama tope la chupani. Vilima virefu vya mwamba wa kale vilibaki vimechomoza. Ukienda Machakos, Lukenya unachokiona mkono wa kushoto ni kimoja cha visiwa hivyo: mwamba wake ni wa kale kupita kiasi, na bahari iliyokizunguka ilikuwa ya lava.

Lakini mashapo yapo, yamefichwa. Kati ya mmwagiko mmoja na mwingine maji yalituama, yakafanya maziwa, na majivu ya volkano yakaanguka humo. Wanaochimba visima kwa mtambo hutoboa lava, kisha wakakuta majivu yaliyoshikana, mchanga na tope la ziwa, halafu lava tena. Tabaka hizo, zinazoitwa za Athi, ndizo zenye sehemu kubwa ya maji ya visima vya Nairobi. Kwa hiyo ukifungulia mfereji wa kisima mtaani Donholm au Embakasi, huenda unakunywa kutoka kwenye ziwa lililozikwa.

Na ule udongo mweusi? Huo ni mwenyeji. Lava na majivu vilioza pale pale, mahali ambapo maji hayana mteremko wa kuondokea. Ubapa ulikuja kwanza, udongo mweusi ukafuata.

Mbona Karen na Kikuyu udongo ni mwekundu na huku kwetu mweusi?

Kwa sababu kule kuna mteremko. Maji hupenya na kuondoka, chuma kilichomo kwenye mwamba kinapata hewa na kushika kutu, na kutu ni nyekundu. Huku maji yanakwama. Mfinyanzi unaozaliwa kwenye maji yaliyokwama huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Lango langu hufunga vizuri Januari na kukwama Mei, na hakuna seremala anayeweza kulitibu.

Nairobi yenyewe ilijengwa wapi basi?

Mpakani, kati ya tambarare na mwinuko. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899, na wajenzi walitaka mahali bapa pa kupangia mabehewa kabla ya kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Wamaasai walikuwa wamekwisha kupaita mahali pa maji baridi. Ubapa uliowafaa wenye reli ulikuja na kinamasi chake, na mji mchanga uliteseka kwa maji yasiyoondoka. Mwaka 1958 uwanja wa ndege ulipofunguliwa Embakasi, sababu ilikuwa jamaa ya ile ile: ndege nazo zinapenda mahali ambapo lava ilitulia.

Nikitaka kuona tambarare halisi ya ziwa karibu na Nairobi niende wapi?

Olorgesailie, kilomita 65 hivi kwa barabara ya Magadi. Beba maji ya kunywa na kofia, na uondoke mapema.

Ukishuka kutoka Ngong utaona chini eneo lenye vipande vyeupe vinavyong'aa. Weupe huo ni magamba ya mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, ulioishi ndani ya ziwa na kujijengea ganda la silika, yaani madini ya aina ya kioo. Mwani ulikufa, magamba yakazama, yakajaa. Ziwa lilikuja na kuondoka mara nyingi kati ya miaka milioni 1.2 na miaka kama nusu milioni iliyopita. Baadaye ardhi ikapasuka na kuinama, mito ikakata, na sasa unaweza kusimama mbele ya ukuta mdogo na kusoma tabaka: nyeupe ya ziwa lenye maji mengi, kahawia ya udongo wa nchi kavu, kijivu ya majivu ya volkano, nyeupe tena.

Watu wa kale waliishi ukingoni. Mary na Louis Leakey, watafiti wa mambo ya kale, walifanya kazi hapo miaka ya 1940, na mashoka ya mawe yameachwa yamelala pale pale yalipokutwa, ni mengi hadi huwezi kuhesabu. Yalihifadhika kwa sababu mashapo yaliyafunika taratibu, bila kuyaburura.

Ukipenda tambarare ya ziwa ambayo haijakatwa na mito, nenda Amboseli wakati wa kiangazi, utazame vimbunga vya vumbi vikitembea juu ya sakafu ya ziwa lililokauka. Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni jambo hilo hilo, ila kubwa zaidi na joto lake si la mchezo.

Kwa nini Kano na Budalang'i hufurika kila mara?

Kwa sababu ni tambarare za mafuriko, na mafuriko ndiyo yaliyozijenga. Nyanda za Kano ziko ndani ya bonde lililozama kati ya ngema za Nandi kaskazini na Nyabondo kusini. Mto Nyando hushuka kutoka nyanda za juu ukiwa na kasi na mzigo, unafika Ahero ambako hakuna mteremko tena, na mbele yake kuna Ziwa Victoria. Lazima utue mzigo. Ukishatua mzigo ndani ya mkondo wako mwenyewe, mkondo unakuwa wa kina kifupi, na mvua inayofuata inakukuta huna nafasi.

Budalang'i kuna jambo la ziada. Mto Nzoia umewekewa kuta za udongo kila upande ili usimwagike. Ni kinga, na bila hizo watu wangeteseka zaidi. Lakini tope lililokuwa likitandazwa juu ya tambarare nzima sasa linabaki kati ya kuta mbili, na sakafu ya mto inapanda. Mto Huang He wa China umefika mbali zaidi katika njia hii: karibu na mji wa Kaifeng, sakafu ya mto iko juu kuliko mitaa ya mji, na watu wanaishi chini ya mto. Ukuta ukipasuka, maji hayana sababu ya kurudi kwenye mkondo.

Na yale mawe makubwa yaliyoshuka Mai Mahiu mwaka 2024, nayo ni mashapo?

Ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji, tope, miti na mawe vilishuka kwa pamoja kwenye mteremko wa Bonde la Ufa na kuua makumi ya watu. Mimi sipendi kulifanya tukio hilo mfano wa darasani, lakini wanafunzi huuliza, na ni haki yao kujibiwa.

Chini ya kila ukuta mrefu wa bonde, mahali ambapo korongo linafunguka kwenye eneo bapa, mzigo humwagwa kwa umbo la upepeo uliofunguliwa: ncha yake korongoni, mapana yake tambararani. Mawe makubwa hubaki karibu na ncha, changarawe mbele, mchanga na tope mbele zaidi. Upepeo hadi upepeo hukutana na kufanya mteremko mpole unaovutia wakulima na wajenzi, kwa kuwa una udongo na una maji chini. Ukiona mawe makubwa ya mviringo yametawanyika shambani chini ya ngema, jiulize nani aliyabeba, maana hakuna trekta lililoyaleta.

Kuna tambarare zisizotokana na mashapo wala lava?

Zipo. Sehemu kubwa ya nyika ya Tsavo ni mwamba wa kale uliosagwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka hadi ukabaki tambarare, na vilima vya jiwe gumu vimesimama peke yake. Hapo ardhi imekuwa bapa kwa kupunguzwa. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuchimba: kwenye tambarare ya mashapo utakuta tabaka, na kwenye tambarare ya kusagwa utakuta mwamba unaooza.

Inachukua muda gani?

Inategemea. Mafuriko moja yanaweza kuacha tope jembamba kama karatasi au mchanga wa kufika gotini. Ukigawanya kwa miaka mingi, tambarare nyingi za mito hupata milimita chache tu kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini hapa kibaba kina siri: ardhi yenyewe huzama chini ya uzito wa mashapo, na nafasi inapatikana ya kuweka mengine. Ndiyo maana Bangladesh bado iko karibu na usawa wa bahari ingawa chini yake kuna mashapo ya Ganges na Brahmaputra yenye unene unaozidi kilomita 15.

Ni kweli ardhi ya tambarare ina rutuba kuliko nyingine?

Ile ya mto, mara nyingi ndiyo: kila mafuriko huleta udongo mpya wa juu kutoka mashamba ya watu wengine. Ile ya ziwa lililokauka inaweza kuwa na chumvi hadi nyasi zikatae kuota. Muulize mchungaji yeyote wa Amboseli.

Nataka kununua ploti. Nitajuaje kama ni uwanda wa mafuriko?

Kwanza, usiende kuiona Februari peke yake. Dalali mmoja aliwahi kunionyesha ploti karibu na kijito huko Ruai, akaniambia, "Mwalimu, hii imelala kama meza, hutatumia hata pesa ya kusawazisha." Nikamwuliza ni nani aliyeisawazisha. Akacheka. Nilirudi Aprili nikakuta bata.

Mambo ya kutazama: nyuzi za ua na matawi ya chini ya miti, kama kuna manyasi makavu na mifuko ya plastiki iliyonasa kwa kimo kimoja. Hiyo ndiyo alama ya maji ya juu. Tazama mimea: mafunjo na matete hayadanganyi. Chimba shimo la kufika kiunoni. Ukiona mistari ya mchanga na tope inapishana, mto hufika hapo. Ukiona udongo mweusi mtupu, mto huenda haufiki, ila maji ya mvua hayataondoka, na msingi wa nyumba lazima ushuke hadi kwenye maramu au jiwe. Muulize mama mboga aliyekaa pale miaka kumi, usimwulize anayeuza. Ofisi ya upimaji ya serikali kule Ruaraka huuza ramani za kipimo cha 1:50,000 zenye mito na kontua, yaani mistari ya kuonyesha kimo. Bei yake ukiilinganisha na ya ploti ni kama maji ya kunawa.

Kanuni za maji za Kenya zimetaja hifadhi ya ukingo wa mto ya kati ya mita 6 na 30, na wakati wa mafuriko ya 2024 serikali iliagiza walio ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi waondoke. Mto wenyewe haupimi kwa futi kamba. Mathare na Mukuru watu walikuwa wamejenga kwenye sakafu ya mto hasa, kwa sababu ndiyo ardhi iliyobaki kwa bei yao, na ningemwomba anayewalaumu kwanza atafute mahali pengine pa kodi hiyo.

Mabwawa yanabadilisha nini?

Mengi. Bwawa ni ziwa, na ziwa hutuliza maji, kwa hiyo mzigo unaanguka humo. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo la kwanza kupokea tope la Tana kutoka mashamba ya milimani, na linajaa. Maji yanayotoka chini ya bwawa hayana mzigo, kwa hiyo hutafuta mwingine kwa kula sakafu na kingo za mto. Huko mbali, tambarare iliyozoea kupakwa tope kila msimu inakosa. Misri walijenga bwawa kuu la Aswan, likakamilika 1970, na tangu hapo pwani ya delta ya Nile imekuwa ikiliwa na bahari kwa sababu tope la kuijenga halifiki tena.

Udongo wa Nairobi unaooshwa na mvua unaishia wapi?

Malindi. Mto Nairobi huingia Mto Athi, Athi unapita chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, unageuka kusini na mashariki, unaitwa Galana ndani ya Tsavo, na Sabaki unapokaribia pwani. Unaingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Msimu wa mvua bahari ya pale inakuwa kahawia, na wageni waliokuja kutafuta maji ya samawati hununa. Rangi hiyo ni mashamba ya Ukambani na Kiambu, barabara zisizo na lami, na viwanja vya ujenzi vya Nairobi.

Ndipo chumvi ya chupa yetu ya pili inapofanya kazi. Mfinyanzi uliosafiri mamia ya kilomita bila kuzama unakutana na maji ya bahari, chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Mchanga nao hurudishwa ufukweni na mawimbi. Ufuo wa Malindi umepanuka hivi kwamba hoteli zilizojengwa karibu na maji miaka ya zamani sasa zina mchanga mpana na matuta yake kati yao na bahari. Kwa wenye hoteli ni hasara. Kwa mwalimu wa jiografia ni tambarare ikiwa bado mbichi. Matumbawe ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa 1968, hayalifurahii tope hata kidogo.

Je, tambarare iliyo bapa kuliko zote duniani iko wapi?

Wengi hutaja Salar de Uyuni ya Bolivia, sakafu ya chumvi ya kilomita za mraba 10,000 hivi ambayo kimo chake hakitofautiani zaidi ya mita moja hivi. Ni jibu zuri kwa nchi kavu.

Lakini tambarare kubwa zaidi hazijawahi kuonwa na jua. Ziko chini ya bahari, kwenye kina cha mita 3,000 hadi 6,000. Tope linalorundikana kwenye ukingo wa bara huporomoka mara kwa mara, hushuka mteremko kama wingu zito ndani ya maji, na kutandazika juu ya sakafu ya bahari, likifunika milima na mabonde ya mwamba wa chini. Kati ya maporomoko hayo, vumbi na mabaki ya viumbe vidogo huanguka kimya, milimita chache kwa miaka elfu. Mbele ya pwani yetu kuna bonde la Somali, lenye kina kinachozidi mita 5,000. Ule mfinyanzi mweusi niliokwangua kwenye viatu vyangu mlangoni Utawala na kuumwaga kwenye mtaro, ule usiozama wala kushikwa na bwawa, una njia iliyonyooka hadi huko.